KUMBE SOLA NAYO HUONA JOTO!

Msomaji wangu, usinicheke. Mimi ndiye niliyekuwa nikitamba kijiweni kwamba Januari ya Dar ni sikukuu ya mwenye sola. Jua linapasua utosi, lami inanata kwenye kandambili, mwenzako nachekelea: waka baba, waka, leo betri itajaa mpaka imwagike!

Kumbe nilikuwa nimeingia mkenge.

Nina kibanda cha kunyolea nywele Mbagala, uchochoroni ambako nguzo za umeme zimetupita mbali. Mwaka jana nilivunja kibubu, nikanunua paneli ya wati 100, betri ya volti 12 na vikorokoro vyake. Fundi akapanda juu, akaigongelea paneli ikalala chapa juu ya bati, akashuka, akachukua chake, akayeyuka. Juni mpaka Septemba mambo yakawa mswano. Mashine mbili, taa tatu na redio, hakuna kilicholalamika.

Januari ikaja na kasheshe. Jua kali kuliko miezi yote, lakini ikifika saa mbili usiku mashine inakoroma kama mgonjwa, kisha kimya. Siku moja ilimzimikia kijana ambaye kesho yake alikuwa anaoa. Nusu ya kichwa safi, nusu msitu! Nikamalizia kwa mkasi na tochi ya simu, nikamsamehe hela. Bwana harusi akaondoka bila neno, na kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi.

Wateja wa jioni ndio wanaolipa kodi ya kibanda. Wakaanza kuvuka barabara kwa jirani. Mwenye kibanda naye akaanza kuniita kwa jina langu kamili, na wewe unajua maana yake.

Nikamwendea mzee mmoja fundi redio mtaa wa pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sola yako imelala juu ya bati, au imesimama?"

"Imelala, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake akaja na mita yake. Saa mbili asubuhi akachomoa nyaya, akapima paneli peke yake: karibu volti 21. Akaniambia tusubiri. Saa saba mchana akapima tena: 18 na nusu! Jua limeongezeka, volti zimepungua. Akaniambia niguse fremu. Niligusa, nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto.

"Mwanangu," akasema, "paneli inakula mwanga. Joto haili. Joto ndilo linaloila yenyewe."

HESABU YAKE HII HAPA

Zile wati 100 zinazoandikwa nyuma ya paneli zimepimwa kiwandani, paneli ikiwa na nyuzi joto 25 tu. Juu ya bati la Dar mchana paneli inaweza kufika 65. Paneli yangu imeandikwa kwamba kila nyuzi moja inayozidi 25 inapunguza nguvu kwa asilimia 0.4. Nyuzi 40 za ziada ni asilimia 16. Yaani wati 16 zimeyeyuka kabla hata hazijashuka kwenye waya.

Mbaya zaidi ni volti. Paneli kama yangu ikiwa baridi hufanya kazi kwenye volti 18 hivi. Ikichemka inashuka hadi 15. Betri inataka kama 14.4 ili ijae. Sasa mimi nilifungiwa waya mwembamba, mrefu kama mkia wa tiara, nao unakula chake njiani. Betri itajaa na nini?

Dawa yake, ndugu yangu, haikuwa ghali. Tuliinua paneli kwa fremu ya chuma, ikaacha nafasi ya sentimita 15 juu ya bati ili upepo upite chini. Tukailaza kwa mwinamo mdogo kuelekea kaskazini, maana sisi tuko kusini mwa ikweta. Tukafupisha waya na kuweka mnene. Bati la chini nikalipaka rangi nyeupe. Mzee akapima tena saa saba mchana: volti 19 na kidogo.

Nikamuuliza, je, nikiimwagia maji? Akanitolea macho. Maji yanapoza kweli, lakini ukimwaga maji baridi kwenye kioo kilichochemka kinaweza kupasuka, na maji yetu ya kisima yenye chumvi yanaacha utando mweupe unaoziba mwanga. Osha alfajiri, kwa maji yasiyo na chumvi. Na wewe unayetaka kuificha chini ya mwembe ili ipoe, acha! Utaikinga joto na kuinyima chakula.

Wenzetu wenye mshiko wana mbinu zao. Wapo wanaopitisha mabomba ya maji nyuma ya paneli: maji yanabeba joto, paneli inapoa, na mwenye nyumba anaoga maji ya moto. Japani, mkoani Aichi, mwaka 2007 walizieleza paneli juu ya maji, na leo nchi nyingi zinafanya hivyo kwenye mabwawa. Wengine wanaziinua juu na kupanda mboga chini yake. Mboga inapata kivuli, na unyevu wa majani unaipoza paneli. Lakini mbinu yoyote inayotumia pampu, piga hesabu kwanza. Pampu ikila wati 20 ili kukuokolea 16, hapo umejipoza mfuko tu.

Kwa hiyo fundi akija kwako na misumari mkononi, usimwache apande kabla hujamuuliza: upepo utapita wapi? Mimi sikuuliza, nikalipa kwa kichwa cha bwana harusi.

Naye amerudi mwezi uliopita. Ilikuwa saa tatu usiku. Kabla hajakaa kitini alitoka nje, akamulika juu ya paa kwa simu yake, akaiona paneli imesimama kwa miguu minne. Ndipo akaingia, akakaa.

"Haya, nyoa," akasema. "Zote mbili pande."

Tukijaliwa, wiki ijayo.