SHULE YA MSINGI NAYO INA LANGO LA KULINDWA

Askari yeyote aliyewahi kusimama zamu ya usiku anajua kwamba adui mwenye akili hapiti penye taa. Huuzunguka ua, akatafuta mahali palipobomoka, au penye mlinzi aliyesinzia. Hivi karibuni tuliliona pengo la namna hiyo ndani ya kambi, wala halikuwa kwenye seng'enge. Lilikuwa katika chumba cha darasa la sita, shule ya msingi ya watoto wa askari.

Shule hiyo ilikuwa imepokea kompyuta 20 zilizokwisha kutumika, na mwalimu mkuu alitualika tuione kazi iliyofanywa. Kazi ilikuwa nzuri kweli. Watoto wa miaka kumi na mmoja walikuwa wakichora ramani ya Afrika Mashariki katika vioo vya kompyuta, na furaha yao ilitufurahisha sisi pia. Lakini juu ya ubao, kwa chaki nyeupe, liliandikwa neno la siri la mtandao mzima. Koplo wa signali tuliyefuatana naye aliketi kwenye kompyuta ya mstari wa nyuma, akaliandika neno lile, na kabla ya dakika mbili kupita alikuwa amelifungua daftari la wanafunzi lililokuwa katika kompyuta ya ofisi. Mlikuwamo jina la kila mtoto, jina la baba, cheo chake, kikosi chake na simu ya mama. Katika safu ya mwisho mwalimu alikuwa ameandika, kwa nia njema kabisa, ni baba gani yuko kazini nje ya nchi na atarudi lini.

Koplo alilifunga daftari lile asiseme neno. Nasi tulitoka pale tukiwa na jambo moja la kuwaambia wenzetu wa jeshi na polisi: mtandao wa kompyuta wa shule ya watoto wetu ni lango kama malango mengine, na hauna budi kujengwa na kulindwa kwa kanuni zile zile tunazozijua.

MWANZO NI ARDHI

Kabla ya kuvuta waya wowote, vitu vihesabiwe. Kila kompyuta ipewe nambari, na iandikwe inatumia programu gani na imekaa chumba gani. Kamanda asiyejua idadi ya bunduki zake hawezi kujua kama moja imepotea.

Kisha yatazamwe mambo ya umeme. Nchi yetu imo katika eneo la dunia lipigwalo sana na radi. Hatujasahau tarehe 28 Juni 2011, radi ilipopiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Kwa hiyo jengo litakalowekwa kompyuta sharti liwe na kikinga radi kilichofungwa na fundi, na soketi zake ziwe na waya wa ardhi ulio mzima. Mvua ya radi ikikaribia, kazi isimamishwe, plagi zichomolewe, na mtoto asiachwe ameshika waya. Aidha, waya wa shaba usivutwe kutoka jengo moja hadi jingine, kwani huweza kuibeba nguvu ya radi na kuiingiza ndani. Kati ya majengo ni heri kutumia waya wa fiberi, ambao hupitisha mwanga katika uzi wa kioo, si umeme. Ila uchaguliwe ule usio na chuma ndani yake.

Ndani ya jengo waya wa shaba wa mtandao unafaa. Ndani yake mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na urefu wake usizidi mita 100, maana ukizidi hapo ujumbe hudhoofika. Nyaya zote huingia katika chombo kiitwacho swichi, ambacho kazi yake ni kama ya karani wa posta wa kambi: hupokea barua na kumkabidhi kila mtu iliyo yake. Nyuma ya swichi iko ruta, nayo ndiyo kota gadi. Hakuna kitakachoingia kutoka intaneti wala kutoka nje bila kupita kwake. Vyombo hivi viwili vikae katika kabati lenye kufuli, mbali na vumbi na mikono ya watoto.

KAMBI MOJA, NYUA MBILI

Hakuna kambi ambayo mgeni aliyekuja kumwona ndugu yake huruhusiwa kutembea hadi ghala la silaha. Hata hivyo katika shule ile, mtoto na mwalimu mkuu walikuwa katika ua mmoja. Hili ndilo kosa tulilolitia maanani kuliko mengine.

Swichi nyingi za kisasa zinaweza kuugawa mtandao mmoja ukawa miwili, mmoja wa madarasa na mwingine wa ofisi, na ruta ikaamriwa isipitishe kitu kutoka wa kwanza kwenda wa pili. Shule isiyo na swichi ya namna hiyo inayo njia rahisi zaidi, isiyogharimu hata shilingi. Kompyuta yenye daftari la wanafunzi na alama za mitihani isiunganishwe na mtandao kabisa, tena ikae katika chumba kinachofungwa.

NENO LA SIRI

Tukiwa shule ya kadeti tulifunzwa kwamba neno la siri la lindo likijulikana na kila mtu, limekwisha kuwa salamu. Ruta na kamera hutoka kiwandani zikiwa na maneno ya siri yanayojulikana dunia nzima. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilijaribu maneno ya kiwandani yapatayo 60 tu, na kwa maneno hayo iliteka mamia ya maelfu ya vyombo katika nchi nyingi. Mwezi Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vyombo vilivyotekwa lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kuzifikia Twitter na Netflix. Basi siku ruta inapofunguliwa kutoka katika boksi lake, amri ya kwanza ni kubadili neno la siri la kiwandani.

Kama shule inatumia waifai, ichague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP ulivunjwa na wataalamu tangu mwaka 2001, na kuutumia leo ni sawa na kufunga lango kwa uzi. Kila mwalimu awe na neno lake mwenyewe, na akihamishwa neno hilo lifutwe siku hiyo hiyo. Mwanafunzi naye aingie kwa ruhusa ndogo: aweze kusoma, kuandika na kuchora, lakini asiweze kuingiza programu mpya. Flashi iliyotoka mjini isichomekwe kabla haijakaguliwa, kwa sababu ile ile ambayo gari halipiti langoni bila kufunguliwa buti.

MASAHIHISHO YASIKAWIZWE

Programu huwa na nyufa, na watengenezaji hutoa masahihisho kila zinapogunduliwa. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sahihisho la ufa mmoja mkubwa. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, programu haramu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa huo huo, ikafunga mafaili ya watu na kudai fedha katika nchi zipatazo 150. Hospitali nyingi za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kinga ilikwisha kutolewa. Wengi waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wameivaa.

Shule zinazopewa kompyuta kuukuu ziangalie sana jambo hili. Masahihisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kubeba toleo jipya isitupwe, maana yako matoleo ya Linux yasiyouzwa ambayo hufanya kazi vizuri katika mashine za zamani na bado hupata masahihisho.

KISICHOANDIKWA HAKIIBIWI

Septemba 2022 shule za jiji la Los Angeles, zilizo chini ya wilaya ya elimu ya pili kwa ukubwa nchini Marekani, zilishambuliwa siku za mapumziko ya sikukuu ya wafanyakazi, walinzi wengi wakiwa likizoni. Wilaya ilikataa kulipa fedha zilizodaiwa, na wahalifu wakazitangaza hadharani habari walizoziiba.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni nakala za akiba. Kazi yoyote ya maana iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo, ikiwa haikuunganishwa na mtandao. Tena ijaribiwe kila muhula kama inafunguka. La pili ni zito zaidi. Nakala hurejesha kazi iliyopotea, lakini haiwezi kuirejesha siri iliyokwisha kutoka. Dawa ya hilo ni kutoiandika siri isiyohitajiwa.

Sisi wenye sare tuna sababu ya pekee ya kulikumbuka hili. Januari 2018 ilidhihirika kwamba ramani iliyotangazwa na kampuni ya Strava, iliyochorwa kwa nyayo za watu wakimbiao na saa za mazoezi mikononi, ilionyesha waziwazi njia za ndani ya kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali. Hapakuwa na jasusi wala msaliti. Walikuwako askari waliokimbia asubuhi na chombo kilichoandika mno. Daftari la shule lenye cheo, kikosi na tarehe ya baba kurudi ni ramani ya namna ile ile. Mwalimu anahitaji kujua ni nani wa kumwita mtoto akiugua. Hahitaji kujua kombania.

MTOTO NDIYE AMANA

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 ya nchi yetu inataka habari za mtoto zisikusanywe wala kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, ila pale sheria inaporuhusu. Mbali na sheria, iko busara. Ruta iwekewe kichujio cha kuzuia picha chafu. Vioo vya kompyuta vielekezwe upande ambao mwalimu anaviona vyote. Vitabu na masomo yawekwe katika seva ya shule kwa programu kama Kiwix na Kolibri, zinazowezesha kusoma bila intaneti, ili gharama zipungue na hatari zipungue pia. Zaidi ya hayo, mtoto akija kusema ameona kitu kilichomtisha, asipigwe wala kukemewa. Mlinzi aadhibiwaye kwa kutoa taarifa hatatoa ya pili.

Tulirudi katika shule ile baada ya majuma matatu. Chaki ilikuwa imefutwa, swichi imo kabatini, kompyuta ya ofisi imetengwa, na safu ile ya mwisho haimo tena daftarini. Koplo wetu sasa huenda kila Jumamosi asubuhi kukagua, na watoto humpigia saluti mlangoni.

Si kila shule iliyo na koplo wa signali. Lakini kila shule ina wazazi, na wewe unayesoma ukurasa huu, uwe kambini au katika kota za polisi, ni mmoja wao. Siku utakapompeleka mtoto, muulize mwalimu mkuu kwa heshima mambo matatu: nani anashika neno la siri, nini kimeandikwa juu ya mtoto wangu, na nakala iko wapi. Akikosa jibu, usiondoke. Vua kofia, keti, mlitafute jibu pamoja.