Kipande Kidogo cha Ngozi Chasaidia Kubaini Ugonjwa wa Parkinson

Na Mwandishi Wetu

Ugonjwa wa Parkinson kwa kawaida hutambuliwa kwa dalili zinazoonekana, zikiwemo kutetemeka mikono, kukakamaa misuli na mwendo wa polepole. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za magonjwa mengine, mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa asio nao.

Watafiti nchini Marekani wamebaini kuwa ngozi inaweza kutoa ushahidi wa ziada. Katika ugonjwa huu, protini iitwayo alfa-sinukleini hubadilika na kurundikana katika seli za neva, si kwenye ubongo pekee, bali pia katika nyuzi nyembamba za neva zilizomo ndani ya ngozi.

Katika kipimo hicho, daktari hutia ganzi sehemu husika, kisha huchukua vipande vitatu vyenye upana wa milimita 3 kutoka shingoni, pajani na sehemu ya chini ya mguu. Vipande hivyo huchunguzwa maabara kwa darubini.

Utafiti uliosajili watu 428, na kuchapishwa mwaka 2024 katika jarida la JAMA, ulionesha kuwa miongoni mwa waliochambuliwa, protini hiyo ilipatikana kwa asilimia 92.7 ya wagonjwa wa Parkinson, ikilinganishwa na asilimia 3.3 ya watu wasio na ugonjwa.

Hata hivyo, protini hiyo huonekana pia katika magonjwa mengine yanayokaribiana na Parkinson. Hivyo, kipimo hicho humsaidia daktari kufikia uamuzi, lakini hakichukui nafasi ya uchunguzi wake, wala si tiba. Mwenye dalili hizo anashauriwa kufika mapema katika kituo cha kutolea huduma za afya.