Gari la mtumba na simu yako: je, zinaelewana?

RUSIZI. Mfanyabiashara wa Kamembe anayefuata bidhaa Kigali husafiri zaidi ya kilomita 200, sehemu yake ikipita katika msitu wa Nyungwe. Njiani simu haitulii: mteja wa Bukavu anaulizia mzigo, wakala wa forodha anataka hati. Kushika simu huku unaendesha ni kosa nchini Rwanda, na kwenye kona za Nyungwe hatari yake inazidi faini.

Ndiyo maana siku hizi wanunuzi wa magari huangalia pia skrini ya dashibodi. Simu ikiunganishwa nayo, ramani na ujumbe huonekana hapo, na dereva huzungumza bila kushika kitu. Tatizo ni kwamba si kila skrini huikubali kila simu.

Mifumo mikubwa ni miwili. Wenye iPhone hutumia CarPlay, ambayo Apple iliitangaza Machi 2014. Wenye simu za Android hutumia Android Auto ya Google, iliyotangazwa Juni mwaka huohuo. Gari linaweza kuwa na yote miwili, mmoja tu, au lisiwe na wowote.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, tofauti hiyo ina uzito. Tecno, Infinix na Samsung, simu zilizojaa madukani, zote ni za Android. Hata simu za Mara, zilizoanza kutengenezwa Kigali mwaka 2019, zilitumia Android.

Lakini baadhi ya watengenezaji wa magari walianza na iPhone. Toyota, iliyosita kwa miaka kadhaa, iliingiza CarPlay nchini Marekani kwa magari ya toleo la 2019. Android Auto ilifuata katika baadhi ya magari ya toleo la 2020. BMW iliwasubirisha wenye Android hadi Julai 2020. Magari ya miaka hiyo sasa yanauzwa kama mitumba. Dalali anaweza kusema kweli kwamba gari "linaunganishwa na simu", kumbe simu hiyo ni iPhone, na mnunuzi ana Tecno mfukoni.

Nyuma ya yote kuna ushindani wa fedha. Anayemiliki skrini ndiye anayemfikia dereva na kuuza huduma. BMW iliwahi kuwatoza wateja wa Marekani dola 80 kwa mwaka ili watumie CarPlay, kabla ya kuifuta ada hiyo Desemba 2019. Mwaka 2023, General Motors ilitangaza kwamba magari yake mapya ya umeme yataachana na mifumo yote miwili na kutumia programu zake zilizojengwa pamoja na Google.

Anayekagua gari hutazama injini, matairi na hati. Aongeze jambo moja: achomeke simu yake mwenyewe kwa waya mzima wa USB, na asiridhike na simu ya muuzaji. Anayeagiza kutoka Dubai au Ulaya aombe video inayoonyesha simu ya Android ikifanya kazi kwenye gari lilelile, kwa kuwa gari la jina moja linaweza kuwa na vifaa tofauti kulingana na nchi lilikouzwa kwanza. Skrini ikiikataa simu, bei ijadiliwe upya, kwani kufunga redio mpya inayokubali mifumo yote miwili ni gharama ya mnunuzi.

Kabla ya safari, ramani ipakuliwe kwenye simu ili ifanye kazi hata mtandao ukikatika. Na siku ya kuliuza gari, mwenye nalo afute kumbukumbu za skrini. Gari huweza kuhifadhi majina na namba zilizotoka kwenye simu, na kwa mfanyabiashara orodha ya wateja wa Bukavu na Kigali ni mtaji. Asimkabidhi mtu mwingine bure pamoja na ufunguo.