Yangeyange, Ndege Weupe wa Malisho na Mabwawa

Apitaye asubuhi katika bonde la Ruzizi huwaona mara nyingi ndege weupe wakitembea kati ya miguu ya ng'ombe. Watoto huwanyoshea kidole wakisema: «Yangeyange!» Nasi twadhani tumekwisha kuwajua. Lakini yangeyange si wa namna moja. Tukiangalia vema mdomo, miguu na mahali wasimamapo, tutawatambua.

Yule afuataye ng'ombe ni mfupi, kimo chake nusu mita hivi. Shingo yake ni nene, na mdomo wake ni wa manjano. Wakati wa kutaga mayai, utosi wake, kifua na mgongo hupata rangi ya hudhurungi hafifu. Wengi husema kwamba chakula chake ni kupe. Kupe huwadonoa pengine, lakini hasa hutafuta panzi na wadudu wengine, ambao huruka ng'ombe wakanyagapo majani. Penye nyati na tembo, kama katika mbuga ya Virunga, huwafuata hao vilevile. Tena ni msafiri hodari: mwishoni mwa karne ya 19 alivuka bahari ya Atlantiki kwa mabawa yake mwenyewe, akafika Amerika ya Kusini, na mwaka 1953 viota vyake vilionekana Florida, katika nchi ya Marekani.

Wenzake hupenda maji. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini vidole vyake ni vya manjano, kana kwamba amevaa viatu. Hukimbia huku na huku penye maji machache, akitikisa matope kwa mguu ili samaki wadogo watoke. Yangeyange mkubwa hukaribia mita 1, na shingo yake ndefu ina pindo. Huyu hana haraka: husimama kimya kando ya matete na mafunjo, kisha ghafla huchoma samaki kwa mdomo. Yuko pia jamaa yao mweusi, ambaye hutandaza mabawa kama mwavuli, akavua samaki kivulini. Wote warukapo hukunja shingo, na miguu huinyosha nyuma.

Uzuri wao uliwahi kuwaletea mauti. Wakati wa kutaga, yangeyange wa majini huota mgongoni manyoya marefu, membamba kama nyuzi. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Ulaya na Amerika waliyatamani kwa kupamba kofia zao, hata bei yake ikazidi pengine ile ya dhahabu kwa uzito uleule. Na kwa kuwa manyoya hayo huota wakati wa uzazi, wawindaji waliwafuata ndege penye viota. Wazazi waliuawa, makinda waliachwa wakafa njaa.

Wanawake wengine walipopata habari hizo, waliona haya. Mwaka 1889, karibu na Manchester, Bibi Emily Williamson alianzisha chama cha wanawake walioahidi kutovaa manyoya ya namna hiyo. Mwaka 1921, serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kuyakataza yasiingizwe nchini. Mtindo ule ukapita, na ndege wakaongezeka tena.

Siku hizi kofia za manyoya si hatari tena. Lakini bwawa likaushwapo, yangeyange wa majini hukosa chakula. Na mti wa viota ukatwapo, kundi zima hukosa makao, kwa maana hujenga pamoja, kiota kando ya kiota. Kwa hiyo, mwanafunzi aonaye mti uliojaa ndege weupe, na atie manati yake mfukoni. Amwuaye ndege mzazi ameua pia makinda ambao hakuwaona.