Mwacheni simba wa 504 na makovu yake

Kuanzia Karatina hadi Nanyuki, na upande wa pili wa Mlima Kenya kuanzia Embu hadi Meru, Peugeot 504 zilizosalia zimeanza kutazamwa kwa jicho jipya. Gari ambalo jana lilibeba kabichi na mitungi ya maziwa, leo linapelekwa kwa fundi wa bodi likwanguliwe kutu na kupigwa rangi upya. Kazi ikikaribia kuisha, mwenye gari huagiza beji mpya: simba anayemeremeta kwenye grili, jina na tarakimu zinazong'aa kwenye buti. Ile ya zamani, iliyochubuka na kufifia, hutupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika. Beji ya gari la zamani ni sehemu ya rekodi yake kama ilivyo nambari ya chesisi, na inayosomeka haifai kung'olewa kwa sababu tu imezeeka.

Kwa 504 jambo hili ni zito zaidi. Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likateuliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na zaidi ya milioni 3 zikatengenezwa. Lakini nyingi zilizopanda milima yetu hazikuja zikiwa zimekamilika kutoka Ulaya. Ziliunganishwa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, hata baada ya Ufaransa kuacha kuunda 504 ya saluni mwaka 1983. Ile ya stesheni wagoni, yenye safu tatu za viti, ndiyo iliyowapeleka watu Nairobi na kuwarudisha Nyeri kabla ya matatu za Nissan kutwaa njia. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa 504, naye Jean-Pierre Nicolas akashinda ya 1978 kwa 504 ya injini ya V6. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8, hizi zilizobaki ndizo tulizo nazo. Kila alama iliyotoka nazo kiwandani ikipotea, hakuna meli itakayoileta nyingine.

Anayesema beji ni pambo tu aangalie jinsi watengenezaji wenyewe walivyoichukulia. Simba wa Peugeot alichorwa mwaka 1847 na sonara aitwaye Justin Blazer kwa ajili ya misumeno, magari yakiwa hayajafikiriwa: meno makali, bapa lenye kunyumbuka, mkato wa haraka. Tangu hapo amebadilishwa umbo mara nyingi, kwa hivyo simba wa miaka ya 1990 kwenye gari la 1974 ni kosa ambalo mjuzi hulitambua kabla hajafungua boneti. Tarakimu nazo zina uzito wake. Mwaka 1964 Porsche ililazimika kuliita gari lake 911 badala ya 901, kwa kuwa Peugeot ilidai haki ya majina ya tarakimu 3 yenye sifuri katikati. Herufi zinazofuata ndizo hatari zaidi, maana hutaja kilichomo ndani: TI ni injini ya kupulizia mafuta, GL ya kawaida ina kabureta. Kubandika TI kwenye gari la kabureta ni kumdanganya mnunuzi. Marekani wamelijua hilo kwa gharama kubwa. Tangu magari ya nguvu kama Pontiac GTO yapande bei, wako watu waliochukua Pontiac za kawaida wakazifunga beji za GTO, na leo mnunuzi makini haamini beji mpaka alinganishe nambari za gari na karatasi za kiwandani.

Kazi yenyewe ya kung'oa na kufunga beji hufanywa kwa pupa. Beji nyingi za chuma zina pini ndogo nyuma, zinazopita kwenye matundu ya bati na kushikwa kwa klipu. Fundi mwenye haraka huiingizia bisibisi kwa mbele na kuikongoa. Pini hukatika, bati hubonyea, na beji iliyostahimili miaka 40 ya vumbi la barabara ya kwenda Othaya huvunjika kwa dakika moja. Njia sahihi ni kutoa klipu kwa ndani, na ikiwa beji imegandishwa kwa gundi, kuipasha moto kidogo na kupitisha uzi wa nailoni nyuma yake kama anayekata sabuni. Kabla ya rangi, nafasi yake ichukuliwe kwa karatasi iliyosuguliwa penseli juu ya matundu, ili isirudi ikiwa imeinama. Matundu yasijazwe wala yasiachwe wazi: maji ya mvua za Aprili huingia humo, na kutu huanza pale pale chini ya rangi mpya. Anayetumia utepe wa gundi asiufunge asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umeufunika mji wa Nyeri, kwa sababu gundi haishiki kwenye bati baridi. Asubiri jua, au alipashe bati moto.

Zipo hoja za kweli upande wa pili. Beji asili ni adimu, na mtu akiambiwa atafute Kirinyaga Road, ambako wengi bado hupaita Grogan, anaweza kuuziwa iliyong'olewa usiku kwenye gari la mwenzake. Kwa hiyo, pale ambapo beji imepotea kabisa, nakala mpya ni afadhali kuliko ya wizi, mradi ni ya mwaka na aina ya gari hilo. Kuhusu mwaka, hata nambari ya usajili husaidia: gari lenye nambari ya kabla ya mfululizo wa KAA lilisajiliwa kabla mfululizo huo haujaanza mwaka 1989. Wengine husema gari ni mali ya mtu, apambe atakavyo. Haki hiyo anayo, ila hana haki ya kumwachia mnunuzi wa kesho hadithi ya uongo. Na hoja kwamba mng'aro huuza gari ni kweli kwa mnunuzi asiyejua. Anayelijua hutazama kama kila kitu kimezeeka pamoja, na simba mpya kabisa kwenye grili kuukuu humtia shaka kuhusu mengine yote.

Basi wewe mwenye 504, kabla hujampa fundi gari, piga picha kila beji ilipo. Iliyosalia irudishwe mahali pake na mikwaruzo yake. Iliyovunjika usiitupe: itie kwenye bahasha moja na logibuku, na siku ukiuza gari umkabidhi mnunuzi vyote viwili.