KWA NINI KARANI WA CHANJO ANAANDIKA SANA?



Siku ya chanjo wengi wenu mnauliza: sindano ni dakika moja, mbona kuandika kunachukua muda mrefu? Swali hilo ni la haki. Hapa tunaeleza kazi ya yule anayekaa mezani na kalamu, na faida yake kwa mtoto wako.

KARATASI TATU

Mtoto akichanjwa, karani huandika mahali patatu.

1. Kadi ya mtoto. Hii unakwenda nayo nyumbani. Inaonyesha chanjo alizopata na tarehe ya kurudi.

2. Daftari la kituo. Kwa daftari hili karani huona nani alipata chanjo ya wiki ya 6 lakini hakuonekana wiki ya 10 wala ya 14, na nani amepita miezi 9 bila chanjo ya surua. Majina hayo hupewa mhudumu wa afya wa jamii ili awatafute nyumbani.

3. Karatasi ya hesabu. Kila dozi ni alama moja. Mwisho wa mwezi alama zote hujumlishwa. Tuseme watoto 100 walianza na 80 tu wakamaliza: 20 wamepotea njiani. Wakipotea zaidi ya 10 katika kila 100, ni lazima sababu itafutwe.

Hesabu hizo ndizo zinazosaidia kuagiza chanjo. Chanjo hutunzwa katika friji kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kipimo huandikwa asubuhi na jioni. Chupa ya surua ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6, hata kama dozi zimebaki. Kwa hiyo haiwezekani kuagiza kwa kukisia.

DAFTARI HALIVUKI ZIWA

Sisi wa pwani hii, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, tunajua maana ya kukimbia. Mwaka 1972, 1993 na 2015 watu walitoka Burundi kwenda Kigoma. Mwaka 2025 maelfu walitoka Kivu ya Kusini kuja Burundi. Mtu akikimbia, daftari hubaki nyuma. Kadi ndiyo inayovuka. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni zilezile Burundi, Tanzania na Kongo, hivyo muuguzi wa ng'ambo akiisoma ataendelea pale mlipoishia.

Hatari ya mtoto asiyefikiwa tumeiona. Tarehe 17 Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Miongoni mwa waliokutwa na virusi alikuwa mtoto wa miaka 4 wa wilaya ya Isale, ambaye hakuwahi kupata chanjo yoyote ya polio.

KADI IKIPOTEA

Njoo hivyo hivyo, usibaki nyumbani kwa aibu. Sema ukweli. Kwa kawaida dozi isiyo na maandishi huhesabiwa kuwa haikutolewa, na mtoto hupewa tena. Ni afadhali kurudia kuliko kukosa.

MSAIDIE KARANI

- Tumia jina moja kila mara. Kwetu watoto wa nyumba moja kila mmoja ana jina lake, na nyumbani huitwa jingine. Jina la baba peke yake halitoshi kumtafuta. Taja pia jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na mtaa au kilima mnakokaa.
- Hakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi kabla ya kuondoka mezani.
- Tunza kadi mahali pasipoingia maji, pamoja na vyeti vyenu. Mkiondoka ghafla, iwe ya kwanza kubebwa.
- Mkihama, mwambie mhudumu wa afya.
- Msiogope kutaja majina. Daftari la chanjo si orodha ya chakula wala ya kurudishwa makwenu.

Baba pia anaweza kumleta mtoto. Mlete, na kadi mkononi.