Kongosho: Kiungo Kilichojificha na Dalili za Saratani Yake

Hale ni mji mdogo katika Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, kando ya barabara itokayo Segera kwenda Tanga. Mji huo unajulikana kwa mashamba ya mkonge na kwa kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu ya maji ya Mto Pangani, kilichoanza kazi mwaka 1964 kwa mitambo yenye uwezo wa megawati 21. Mwanafunzi anayejifunza jinsi kituo cha namna hiyo kinavyofanya kazi huelewa upesi kanuni moja: maji hayana budi kuwa na njia ya kuingia na njia ya kutoka. Njia ikizibwa, maji hujaa upande wa juu wa kizibo, na upande wa chini hukauka. Kizibo chenyewe huenda kisionekane, lakini kina cha maji katika pande hizo mbili hueleza kwamba kipo.

Kanuni hiyo huwasaidia madaktari kutambua ugonjwa mmoja mgumu sana, yaani saratani ya kongosho. Duniani kote, katika mwaka 2022, ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 510,000 waligunduliwa kuwa na saratani hiyo, na zaidi ya 460,000 walikufa kwayo. Tofauti ndogo iliyopo kati ya hesabu hizo mbili yaonyesha jinsi ugonjwa huu unavyogunduliwa ukiwa umekwisha kuenea. Kwa hiyo ni jambo la maana kujua dalili zake, na zaidi ya hapo kujua sababu ya kila dalili.

Kongosho na kazi zake

Kongosho ni kiungo laini chenye urefu wa kama sentimeta 15, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na mkia wake waelekea kwenye wengu, upande wa kushoto. Kwa kuwa kimefichwa na viungo vingine, uvimbe mdogo ndani yake hauwezi kupapaswa kwa mkono.

Kiungo hiki kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusaga mafuta, protini na wanga. Maji hayo hupita katika mfereji ulioelezwa mwaka 1642 na Johann Georg Wirsung huko Padua, Italia, kisha huingia katika utumbo. Kazi ya pili ni kutengeneza homoni, hasa insulini, inayodhibiti sukari katika damu. Homoni hizo hutoka katika vifungu vidogo vya chembe hai vilivyogunduliwa na Paul Langerhans mwaka 1869. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho la mbwa huko Toronto, Kanada.

Jambo la tatu ni la kukumbukwa kuliko yote. Mfereji unaoleta nyongo kutoka katika ini hupita ndani ya kichwa cha kongosho kabla ya kufika katika utumbo. Sehemu kubwa ya saratani za kongosho huanzia katika kichwa hicho. Uvimbe ukikua hapo, huubana mfereji wa nyongo kama jiwe lililodondoka katika mdomo wa bomba.

Dalili na sababu zake

Nyongo inapozuiwa hurudi nyuma na kuingia katika damu. Ndani yake mna rangi iitwayo bilirubini, itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Rangi hiyo ikizidi, weupe wa macho hugeuka manjano, kisha ngozi. Figo hujaribu kuitoa, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Wakati huohuo utumbo hukosa nyongo, ambayo ndiyo hukipa kinyesi rangi yake ya kahawia. Basi kinyesi hupauka na kufanana na udongo mweupe wa mfinyanzi. Aidha, mwili mzima huweza kuwasha bila vipele. Hapa pande zote mbili za kizibo huonekana dhahiri: rangi imejaa upande mmoja na kutoweka upande wa pili.

Mwaka 1890 daktari mpasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, alieleza jambo lingine. Aliona kwamba mgonjwa mwenye macho ya manjano, ambaye mfuko wake wa nyongo umevimba hata kuweza kupapaswa, kwa kawaida hana vijiwe vya nyongo. Yafaa kutafuta sababu nyingine iliyouziba mfereji. Mara nyingi manjano ya namna hii huja bila maumivu. Kutokuwapo kwa maumivu humfanya mgonjwa adhani kwamba ugonjwa ni mwepesi, kumbe sivyo.

Mfereji wa kongosho lenyewe nao huweza kuzibwa. Vimeng'enya visipofika katika utumbo, mafuta ya chakula hayasagwi. Kinyesi huwa kingi, chenye kunuka sana na kuelea majini, na mtu hukonda ingawa anakula. Hamu ya chakula nayo hupungua, na kukonda huzidi.

Uvimbe ukigusa mishipa ya fahamu iliyo nyuma ya kongosho, huleta maumivu katika sehemu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Mara nyingi maumivu hayo huzidi mtu anapolala chali, na hupungua anapoketi na kuinama mbele.

Dalili nyingine ni kisukari kinachotokea kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyevuka umri wa miaka 50, hasa akiwa anakonda na hakuna mwenye kisukari katika ukoo wake. Pengine pia damu huganda katika mshipa wa mguu, na mguu mmoja ukavimba pasipo kuumia.

Si kila manjano ni saratani

Ni lazima kuwa na kiasi katika kupima mambo haya. Katika Afrika Mashariki macho ya manjano mara nyingi huletwa na homa ya ini itokanayo na virusi, malaria kali, ugonjwa wa selimundu au vijiwe vya nyongo. Tena watu wengi huita manjano yoyote "homa ya manjano", ilhali jina hilo ni la ugonjwa mwingine, wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Jina hilo moja likitumiwa kwa magonjwa yote, mgonjwa huweza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao huku wakati ukipita.

Vivyo hivyo maumivu ya tumbo la juu kwa kawaida ni ya vidonda vya tumbo au kiungulia. Hata miongoni mwa watu waliovuka miaka 50 wenye kisukari kipya, ni kama mtu 1 tu katika kila 100 anayegunduliwa kuwa na saratani ya kongosho katika miaka 3 inayofuata. Kinachopasa kuangaliwa ni dalili kuandamana na kudumu: manjano pamoja na kukonda, kisukari kipya pamoja na kukonda, maumivu ya tumbo na mgongo yasiyosikia dawa za vidonda kwa majuma kadhaa. Hata hivyo, manjano peke yake yatosha kumpeleka mtu hospitali bila kungoja.

Kwa nini wakati una thamani

Tiba iwezayo kuiondoa saratani hii ni upasuaji, ambao kwa kawaida huambatana na dawa. Upasuaji wa kichwa cha kongosho ulijulikana sana baada ya kuelezwa na Allen Whipple wa New York mwaka 1935. Lakini ni kama wagonjwa 15 hadi 20 tu katika 100 ambao hugunduliwa uvimbe ukiwa bado waweza kukatwa. Saratani iliyoanzia katika mkia wa kongosho haizibi nyongo, kwa hiyo hukaa kimya kwa muda mrefu zaidi. Na mpaka sasa hakuna kipimo kinachofaa kupimia watu wote wasio na dalili.

Ndiyo maana kinga ina nafasi yake. Uvutaji wa tumbaku huongeza hatari kufikia takriban mara mbili. Unene wa kupita kiasi, kisukari cha muda mrefu na saratani hii katika ukoo pia huongeza hatari. Kadhalika uvimbe sugu wa kongosho, ambao mara nyingi huletwa na ulevi. Huko Uganda, katika miaka ya 1960, Dakt. A. G. Shaper alieleza ugonjwa sugu wa kongosho lenye vijiwe vya chokaa, alioukuta kwa wagonjwa wa nchi hiyo.

Njia ya mgonjwa wa Hale

Mkazi wa Hale mwenye dalili hizi aanze katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo mkojo na sukari ya damu huweza kupimwa kwa urahisi. Hospitali ya Magunga iko Korogwe, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga. Kipimo cha mawimbi ya sauti huweza kuonyesha kama mifereji ya nyongo imepanuka. Mgonjwa anayehitaji uchunguzi mkubwa zaidi huweza kupelekwa KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyomo katika majengo ya hospitali iliyokamilishwa na Wajerumani mwaka 1897, hutoa tiba ya mionzi na dawa.

Hata pale ambapo ugonjwa hauwezi kuondolewa, bado kuna la kufanya. Mfereji wa nyongo huweza kufunguliwa kwa kuwekewa kijibomba, manjano yakapungua na mwasho ukakoma. Maumivu nayo huweza kutulizwa kwa mofini. Kwa mgonjwa hayo si mambo madogo.

Walimu wa biolojia waweza kulifanya somo hili kuwa zoezi. Mwanafunzi achore ini, kongosho na utumbo, aweke kizibo mahali mbalimbali, kisha aeleze dalili itakayotokea kwa kila kizibo. Aliyefanya zoezi hilo barabara atajua la kusema siku atakapomsikia babu au bibi yake akilalamika kwamba nguo zinampwaya, mwili unamwasha na mkojo umekuwa mweusi. Atamshauri aende hospitali kesho yake asubuhi, wala si mwezi ujao.